Kisiki kipimwe kabla ya kutaja bei

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaong'oa visiki kwenye viwanja vya watu. Tunajiumiza wenyewe kwa kutaja bei kwenye simu. Mteja anasema, "Ni kisiki kidogo tu, fundi," nasi tunakubali hapo hapo. Mwaka jana nilikubali shilingi 40,000 kwa mwembe uliokatwa kando ya ukuta. Tulichimba watu wawili kwa siku tatu. Mzizi mkuu ulikuwa umezama wima, na mingine imepita chini ya msingi. Nilipomlipa kijana wangu na kununua mpini mpya wa shoka, sikubaki na kitu.

Sasa naenda na futi kamba. Napima upana wa kisiki pale kinapogusa udongo, si juu kilipokatwa, maana chini ndiko kinakotanuka. Na kisiki cha sentimita 80 si mara mbili ya kile cha 40: eneo lake ni mara nne, na jasho lake vivyo hivyo. Nauliza pia ni mti gani. Mnazi hauna mzizi mkuu, mizizi yake ni myembamba na mingi. Mkaratusi ukiuacha nusu utachipua tena, na mteja atakuita urudi bure. Kufukia shimo na kubeba magogo navyo vitajwe kwenye bei.

Nanyi wenye viwanja, msituone walaghai tunapoomba kuja kuangalia kwanza. Tuacheni tuone kisiki, ndipo tuzungumze fedha.

Mng'oa visiki,
Morogoro