Nkambo hakuchelewa

Juma hili tunaongea juu ya hesabu ya safari ya ndege, maana karibu tulie kilio bila maiti.

Mwenzetu mmoja alikuwa Kinshasa kumwona mjukuu aliyezaliwa. Siku ya kurudi, mwanawe akatuandikia: «Mama ameruka saa 10:00.» Sisi tuliokuwa kwenye lupango lake hapa Kambove tukahesabu saa mbili na nusu za kuruka: saa 12:30 atakuwa Luano. Saa 12:30 ikapita. Saa 13:00 telefone yake bado imefungwa. Mmoja wetu akaanza kutaja ndege zilizoanguka, mwingine akafungua kitambaa kichwani, bukari ikaungua. Saa 13:40 telefone ikalia: «Nimeshuka. Mbona mnalia?»

Nkambo hakuchelewa. Sisi ndio tulihesabu vibaya.

Kongo yetu ina majira mawili ya saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa 10:00 ya kule, huku Katanga ni saa 11:00. Ongeza saa mbili na nusu: anashuka saa 13:30. Kwenda ni kinyume: akiruka Luano saa 10:00, anafika wakati kwetu ni 12:30, lakini saa ya ukutani kule N'djili inasema 11:30. Ndiyo maana kwenda kunaonekana kufupi na kurudi kurefu.

Na hizo saa mbili na nusu zinatoka wapi? Chukueni karte ya watoto wa masomo na rula. Pimeni kwa mstari ulionyooka toka Lubumbashi hadi Kinshasa, sababu ndege haifuati barabara. Kama karte inasema sentimeta 1 ni kilometa 100, mtapata karibu sentimeta 16, yaani kilometa 1,570 hivi. Ndege kubwa ya jeti inakwenda karibu kilometa 800 kwa saa. Gawanyeni: karibu saa mbili. Ongezeni nusu saa ya kupanda na kushuka. Ndege ndogo ya mapanga inakwenda polepole zaidi, na ile inayotua njiani inaongeza muda wake.

Lakini safari ya mtu wa Kambove haianzi Luano. Kuna kilometa 25 hivi mpaka Likasi, na karibu 120 mpaka Lubumbashi, nyuma ya malori ya madini. Sisi tunaihesabu njia hiyo saa tatu, na mbele ya kuruka tunataka kuwa uwanjani saa mbili kamili. Basi tiketi ya saa 10:00 ni kutoka nyumbani saa 5:00, kungali giza. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa, heri alale Lubumbashi kwa ndugu.

Tumepatana hivi katika kundi letu: anayetuma habari ya safari aandike saa na mji. «Ameruka saa 10:00, saa ya Kinshasa.» Na anayengoja asianze kulia kabla ya kuhesabu mara mbili. Ndege inaweza kuchelewa kwa kweli, na telefone hufungwa wakati wa kuruka. Kimya si msiba.

Bukari iliyoungua tuliikwangua, tukapika nyingine. Nkambo alifika usiku, akala, akatucheka.