Mashine isituchagulie sauti



Ndugu wazazi na wanafunzi, siku hizi kijana wa Kacyiru anaweza kurekodi kaswida chumbani kwake, kwa kompyuta na maiki moja tu. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wazee wanasema programu ya kunyoosha sauti ni uongo mtupu, ifutwe. Vijana wanajibu kwamba ni maendeleo, kila mtu anaitumia. Kwa heshima zote, pande zote mbili zimekosea.

Tuanze na wazee wetu. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand wa Marekani, alikuwa mtaalamu wa kuchambua mitetemo ya ardhi ili kutafuta mafuta. Programu ilikusudiwa kurekebisha noti iliyokosewa, kimya kimya. Lakini mwaka 1998, katika wimbo "Believe" wa Cher, watayarishaji waliifanya irekebishe papo hapo, sauti ikawa inaruka noti hadi noti kama mtu anayepanda ngazi. Hakuna msikilizaji aliyedhani hiyo ni koo tupu. Kuchezea chombo waziwazi namna hiyo ni ubunifu, si uongo.

Uongo ni kunyooshwa kwa siri, kisha kupokea "maashaallah, sauti gani hiyo!" Tukumbuke Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kuna unyevu, na alivyomkemea muuzaji kwa kuuficha.

Sasa nyinyi vijana. Kinanda kina noti 12 katika oktava moja. Maqamu za Rast na Bayati, zinazosikika katika kisomo na kaswida, zina noti zinazokaa katikati ya vibonye viwili. Programu ikiachwa na noti zake 12, hiyo ya katikati huiona ni kosa, ikaisukuma juu au chini. Sisi tunaosema Kinyarwanda, lugha ambayo sauti ikipanda au kushuka neno hubadilika maana, tunajua hilo si jambo dogo.

Mtasema mpangilio unaweza kubadilishwa. Ni kweli. Lakini nani ataubadilisha? Asiyeijua noti ile kwa sikio lake hatajua hata kama imepotea. Mashine inamfaa aliyekwisha jifunza, asiyejifunza inamchagulia.

Kwa hiyo, wazazi, msiwanyang'anye watoto kompyuta. Wapelekeni kwanza kwa mwalimu. Nanyi vijana, rekodini kaswida bila programu, muisikilize, ndipo mjaribu mnachotaka, na mseme wazi mmefanya nini. Qur'ani iacheni kabisa nje ya majaribio hayo. Makosa ya kisomo husahihishwa mbele ya mwalimu, kwa ulimi na subira.

Wabillahi tawfiiq.