Vijana, tuonyeshe nyama akiwa hai



Katika Kiswahili chetu cha huku Maniema, neno "nyama" linafanya kazi mbili. Nyama ni kiumbe kinachotembea porini, tena nyama ni kipande kilicho ndani ya sahani. Kwa watoto wengi wa Kindu, maana hii ya pili ndiyo wanayoijua. Wanamwona nkima akiwa ameisha kukaushwa, amefungwa nyuma ya kinga inayotoka porini. Akiwa hai hawajamwona hata siku moja. Na kitu ambacho mtu hajakiona, ni vigumu kukihurumia.

Kwa hiyo tunawaletea shauri hili: tayarisheni maonyesho ya foto za nyama wa pori katika sali ya parokia, na feza itakayopatikana isaidie wenyi shida.

Wengine walifanya, ikawezekana. Mwaka 2020, wakati korona ilipofunga njia za watalii, wapiga foto wawili wa Ulaya, Pie Aerts na Marion Payr, waliomba wenzao watoe foto bure. Waliziuzisha kwa intaneti, dola 100 kila moja. Kwa mwezi mmoja zilipatikana zaidi ya dola 600.000 kwa ajili ya African Parks, shirika linalosimamia Garamba pamoja na ICCN tangu 2005. Sisi hatuna wanunuzi wa dola 100. Lakini ginsi ya kufanya ni ile ile: wengi wanatoa kidogo, kwa kazi moja inayojulikana.

Tena msidharau nguvu ya nyama anayeonekana kwa macho. Mwezi wa sita 2007, huko Opala, watafiti waliona nkima mdogo jike akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula. Wenyi elimu ya dunia hawakumjua. Waliuliza, wakafuata porini, na mwaka 2012 lesula akaandikwa katika vitabu vya sayansi kama aina mpya. Mwaka 2016 pori lake likawa Parki ya Lomami, kati ya Maniema na Tshopo. Mnaona? Wazee wetu walikuwa na jina lake tangu zamani.

Sasa, namna ya kutayarisha.

Kwanza, chagueni kazi moja ya msaada mbele ya kuuzisha tiketi ya kwanza. Msiseme tu "kwa maskini". Semeni, kwa mfano: mabenchi kumi kwa shule fulani ya kijiji cha kando ya pori. Watu wa kule ndio wanaoombwa kuacha kuwinda nyama waliokatazwa. Ni haki nao waone faida.

Pili, tafuteni foto. Ishirini nzuri zinapita mia moja mbaya. Ombeni kwa wenyi kulinda parki na kwa wapiga foto, na jina la mwenyi foto liandikwe chini yake. Kuchukua foto ya mtu kwenye intaneti bila ruhusa ni kuiba, hata kama kazi ni ya Mungu. Na ninyi wenyewe pigeni kwa simu vile vilivyo karibu: ndege wa kando ya Lualaba, kinyonga, popo, kipepeo. Lakini jambo moja mlikatae kabisa: kununua mtoto wa nyama aliyefungwa kamba kusudi mumpige foto. Ukimnunua mmoja, mwindaji atarudi porini kutafuta mwingine, na mara nyingi mama yake anauawa kwanza.

Tatu, majina. Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu alipewa kazi ya kuwapa nyama majina. Nendeni kwa wababu na wabibi, muulize: nyama huyu anaitwa nani kwa Kilega, kwa Kikusu, kwa Kibangubangu? Andikeni majina hayo kwa herufi kubwa, na chini yake mistari mitatu ya kweli. Kwa mfano, lesula anatembea sana chini, dume analia asubuhi mapema, na matako yake ni ya rangi ya bluu. Watoto watacheka, na hawatasahau. Ao kwamba bonobo na okapi, katika dunia nzima, wanaishi porini katika inchi yetu peke yake.

Ine, siku yenyewe. Bandikeni foto juu ya kartoni, mzitundike kwenye urefu wa macho, mbali na madirisha juu ya mvua. Fungueni mchana, kisha misa, kusudi msitumie feza kwa mafuta ya grupu. Kijana mmoja asimame kwa kila foto tano na kuzieleza. Tiketi iwe ya bei ndogo, watoto walipe nusu. Mwishoni fanyeni mnada wa foto.

Tano, hesabu. Watu watatu wahesabu feza mbele ya wote. Gharama ya karatasi na ya kutoa foto iandikwe katika kaye, na Siku ya Mungu inayofuata isomwe yote kanisani. Kazi nyingi nzuri zinakufa hapa, na vijana wanabaki na jina baya.

Neno la mwisho. Mama anayeuzisha nyama sokoni atakuja kuona, na mchimbaji wa karieri pia, maana kule machimboni chakula ni cha shida na nyama wa pori ndiye anayepatikana. Msiwaonyeshe kidole. Mpokeeni mama huyo kama mama yenu, mumwulize yeye anajua nini juu ya nyama hawa; anajua mengi kuliko ninyi. Hatakwenda nyumbani akiwa ameacha kazi yake siku ile. Lakini yeye na wateja wake watakuwa wamemwangalia nyama katika macho, akiwa hai, na wamechangia benchi la mtoto. Mazungumzo yanaweza kuanzia hapo.

Makundi ya Kalima, Punia, Kampene na Kindu, ni nani ataanza?