Zakayo, rada na kabati la vitabu Yaeda Chini



Barabara ya kushuka kutoka Mbulu kwenda Yaeda Chini humpa padri muda wa kutosha kuyafikiria mahubiri yake upya. Juu kuna ubaridi na mashamba ya Wairaqw. Chini kuna joto, mibuyu na ng'ombe wa Wadatoga, na mbele zaidi, kuelekea Mongo wa Mono, wako Wahadzabe. Injili ya Jumapili ile ilikuwa ya Zakayo, mtu mfupi aliyepanda mkuyu. Nilidhani nimejiandaa vizuri. Baada ya Misa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anayetusaidia pia kufundisha katekesi, alinivuta kando.

“Baba, kwenye kabati letu bado kuna vitabu vilivyokuja kwa hela ya rada. Mtoto wa darasa la sita alitusikia tukisema chenji ya rada. Akauliza rada ni nini, na nani aliyerudisha chenji. Rada nimemweleza. Hilo la pili limenishinda.”

Nilimjibu kwamba ni kampuni ya Uingereza. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba hajajibiwa. Tangu siku hiyo swali la mtoto yule limekaa nami.

Kwa vijana wasioikumbuka habari hii, nitaieleza kwa kifupi. Mwaka 1999 serikali yetu ilisaini mkataba wa kununua rada ya kuongozea ndege, na rada hiyo ikafungwa Dar es Salaam. Bei yake ilikuwa pauni milioni 28, karibu dola milioni 40. Muuzaji alikuwa British Aerospace, kampuni ya zana za ulinzi ambayo mwaka huohuo iliungana na Marconi na kuwa BAE Systems. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaona mtambo haufai vizuri kwa ndege za kiraia. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza kwenyewe, waziri wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga biashara hiyo, lakini Waziri Mkuu Tony Blair aliiunga mkono na kibali kikatoka Desemba 2001. Kumbukeni wakati huo ulikuwaje kwetu. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, MMEM ikaanza mwaka 2002, na watoto walimiminika madarasani hata wakakaa sakafuni. Nchi ilikuwa imetoka kusamehewa madeni kwa sababu ya umaskini wake.

Baadaye ikajulikana kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa kampuni za dalali mmoja wa Dar es Salaam, Shailesh Vithlani. Karibu theluthi moja ya bei! Mkulima wa Haydom anayeuza ng'ombe mnadani anamjua dalali na anaijua haki yake. Lakini dalali akidai theluthi ya ng'ombe, mtu yeyote mwenye akili huuliza ni nani mwingine anayesubiri kugawana naye.

Sasa nije kwa mtu mmoja, maana kampuni ni neno tu mpaka umtazame mtu. Mike Turner alizaliwa mwaka 1948. Mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 18, aliingia kampuni ya ndege ya Hawker Siddeley kama mwanagenzi upande wa biashara, huku akisoma chuo mjini Manchester. Hakurithi kiti wala hakuletwa na mjomba. Kampuni yake ilipomezwa ndani ya British Aerospace mwaka 1977 alibaki, akapanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 1994 aliingia kwenye bodi, na Machi 2002 akawa mtendaji mkuu wa BAE Systems baada ya John Weston. Chini yake kampuni ilijitanua sana Marekani, na mwaka 2007 ikainunua Armor Holdings kwa zaidi ya dola bilioni 4. Alistaafu Agosti 2008, naye Ian King akachukua nafasi. Kisha akawa mwenyekiti wa Babcock, kampuni nyingine ya mambo ya ulinzi, na baadaye wa GKN.

Hiyo ni kazi ya miaka zaidi ya 50, na kama ningekuwa mlezi wa vijana Uingereza ningewaonyesha kwa furaha mwanagenzi aliyefika juu. Sisemi hivyo kwa kejeli. Ubaya wa kuandika juu ya wakubwa ni kwamba tunawafanya mashetani kisha tunajisikia watakatifu.

Lakini tazameni tarehe. Mkataba wa rada ulisainiwa Weston akiwa mtendaji mkuu. Malipo kwa dalali yalianza wakati wake na yakaendelea hadi miaka ya Turner. Kampuni ilikiri mbele ya sheria wakati wa King. Watu watatu walipokezana kiti kimoja. Hakuna mahakama iliyosema kwamba yeyote kati yao alijua kilichofanywa na fedha zile, na hakuna aliyeshtakiwa, kwa hiyo nami sina haki ya kusema zaidi ya hapo. Mei 2008 maofisa wa Marekani walimzuia Turner kwa muda katika uwanja wa ndege wa Houston, katika uchunguzi wao wa biashara za kampuni hiyo. Hakufunguliwa mashtaka. Kustaafu kwake kulikuwa kumetangazwa tangu mwaka uliotangulia.

Desemba 2010 kesi ya Tanzania ilifika mahakama ya Southwark, London. Kampuni haikukiri rushwa. Ilikiri kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo yale. Basi, daftari tu! Jaji Bean hakuficha mashaka yake. Alisema kwa maneno yake kwamba ingekuwa ujinga kumwona Vithlani kuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri, na kwamba walioumia ni watu wa Tanzania, ambao wangeweza kuipata rada kwa bei ndogo zaidi. Lakini mikono yake ilikuwa imefungwa. Waendesha mashtaka walikuwa wameshakubaliana na kampuni kwamba jumla ni pauni milioni 30: faini ingetolewa humo, na kinachobaki kingekwenda kwa Watanzania. Kila pauni ambayo jaji angeongeza kwenye faini angeitoa kwenye dawati la mtoto wetu. Akatoza faini ya pauni 500,000. Zikabaki milioni 29.5.

Hata hizo zilichelewa. Ilibidi wabunge wetu wafunge safari mpaka London mwaka 2011 kuzidai, na wabunge wa Uingereza nao wawabane wakuu wa kampuni kwa maswali. Mwaka 2012 fedha zikalipwa, zikapangiwa vitabu, miongozo ya walimu na madawati kwa shule zetu za msingi. Ndivyo ilivyokuja kuwa na kitabu katika kabati la Yaeda Chini.

Tukaziita chenji ya rada. Neno hili limetupotosha. Chenji hurudishwa na muuzaji mwaminifu kwa mnunuzi aliyetoa noti kubwa, wakaagana kwa salama. Hapa hapakuwa na salama. Palikuwa na uchunguzi wa miaka, mahakama, na kubembelezana kwingi.

Sasa mrudieni Zakayo. Luka hasemi tu kwamba alikuwa mtoza ushuru. Anasema alikuwa mkubwa wao. Kwa lugha ya leo, mtendaji mkuu. Yeye mwenyewe labda hakuwa anasimama tena kibandani Yeriko kuhesabu mizigo ya wapita njia. Alikuwa na watu chini yake waliochukua, naye akapokea kilichopanda juu. Angeweza kabisa kusema kwamba mambo yale yalifanyika ngazi za chini, au kwamba yalianza kabla yake. Hakusema. Alisimama mbele ya wageni wote, akatamka kwa nafsi ya kwanza kwamba nusu ya mali yake ni ya maskini, na kama amemdhulumu mtu atarudisha mara nne. Hakuna hakimu aliyekuwa amemwita wala mpelelezi aliyezuia simu yake.

Nilipiga hesabu usiku ule pembeni mwa karatasi ya mahubiri. Mara nne ya bei ya rada ni pauni milioni 112. Tuliyolipwa ni kama mara moja, baada ya zaidi ya miaka kumi, bila riba. Lakini namba si shida yangu kubwa. Fedha zilirudi, na shule zilizihitaji, na ninamshukuru Mungu kwa kila kitabu. Shida yangu ni kwamba zilirudi zenyewe, kama ng'ombe aliyeibwa anayekutwa asubuhi zizini na hakuna nyayo za mtu.

Kanisa linatufundisha kwamba katika sakramenti ya kitubio kuna majuto, kuna kuungama kwa kinywa, kuna malipizi. Nimekaa kwenye kiti cha maungamo karibu miaka 30. Nimewaona watu wanaopenda kuanza na kumalizia kwenye malipizi. Mtu aliyekula fedha za jumuiya ndogo ndogo anakuja na bati 20 za kuezekea kigango. Bati tunazipokea, mvua hainyeshei maadili. Ila ndugu zake katika jumuiya wanaendelea kumtazama mtunza hazina wa sasa kwa shaka, na yule aliyefukuzwa kwa kusingiziwa bado yuko nyumbani kwake amenyamaza. Bati hazikumsafisha yule.

Hata katika bonde hili mambo hayako hivyo. Kwa Wadatoga ukoo mzima unaweza kuchangia ng'ombe wa fidia, hakuna anayebaki peke yake na mzigo. Lakini wazee wanapokaa chini ya mti, jina la aliyetenda linajulikana, na ukoo wake unalibeba. Fidia ya mtu asiyejulikana hawaijui. Wakubwa wa London wamelijenga jambo ambalo wazee wetu hawakuwahi kulifikiria: kosa lenye anwani ya ofisi na lisilo na mtenda.

Nasi tusikae upande wa watazamaji. Rada haikujiuza yenyewe. Kulikuwa na wanunuzi, na walikuwa wetu, wengine wamebatizwa na kukomunika kama sisi. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati wa mkataba, alijiuzulu uwaziri baada ya kuulizwa juu ya zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Alikana kosa lolote, na hakutiwa hatiani kwa suala la rada. Hakuna Mtanzania aliyetiwa hatiani. Tuliwacheka Waingereza kwa kukiri daftari. Sisi hata daftari hatukukiri. Na zilipofika zile fedha tulipiga makofi, tukabishana nani achapishe vitabu, tukasahau kuuliza upande wetu nani alikaa upande wa pili wa meza.

Watu wa Yaeda wanajua kidogo nguvu ya kuuliza. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye mizizi Falme za Kiarabu ilitaka kulichukua bonde hili kwa ajili ya wageni wake wakubwa. Wahadzabe, watu wachache wasio na mtemi wala wakili wa kudumu, walikataa kwa sauti, na kampuni ikajitoa kabla ya mwaka kwisha. Miaka minne baadaye walipata hati ya kimila ya ardhi yao.

Nilirudi Yaeda Chini mwezi uliofuata. Mwalimu alifungua kabati, akanionyesha kitabu kimoja cha sayansi, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi, pembe zimeliwa na mchwa. Nilimpa karatasi niliyoandika majina ya waliokuwa watendaji wakuu wa kampuni ile na miaka yao, pamoja na jina la aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wetu, na chini yake nikaandika kwamba hakuna kati yao aliyepatikana na hatia, ili mtoto asije akatenda dhambi ya kusingizia. Aliisoma mara mbili.

“Kwa hiyo, Baba, nimwambie nani alirudisha?”

Nilimwambia amwambie mtoto ukweli kama ulivyo, kwamba fedha zimerudi na mtu bado hajaja.