Ni Buu Yupi Afugwe Nyumbani?

Katika viunga vya Dar es Salaam, tangu Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni hata Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, ni nadra kuikuta nyumba yenye uwa isiyofuga kiumbe. Hapa pana kuku na vifaranga vyake, pale pana bata, kanga au kware. Na watoto nao huweka kalunguyeye ndani ya boksi au samaki wadogo ndani ya chupa pana. Viumbe hao, ijapokuwa wanatofautiana kwa umbo, wana haja moja iliyo sawa, nayo ni protini. Kifaranga hakui vema kwa pumba peke yake, na kalunguyeye, ambaye kwa asili ni mla wadudu, hadumu kwa ugali.

Protini hiyo haipatikani bure. Chakula cha kuku kiuzwacho madukani kina mashudu, soya na dagaa waliosagwa, na hao dagaa ndio hasa kiini cha tatizo. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria hupelekwa katika viwanda vya chakula cha mifugo, hali dagaa huyo huyo ndiye kitoweo cha mwananchi wa kipato kidogo. Hivyo kuku na mtoto wanagombea sahani moja. Kwa sababu hiyo, rai ya kufuga wadudu nyumbani ili wawe chakula hai cha mifugo ni rai ya kuungwa mkono. Lakini hapana budi kwanza kuuliza: ni mdudu gani afugwe?

Wapo wanaomsifu buu wa unga. Huyu ni mtoto wa mbawakawa mweusi ambaye mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alimpa jina la kisayansi Tenebrio molitor mwaka 1758. Neno molitor katika Kilatini maana yake ni msagaji wa nafaka, na jina hilo linamstahili, kwani makao yake ni penye unga na pumba. Jike huweza kutaga mayai mia kadhaa. Mayai huangua mabuu wa rangi ya manjano, nao hukua kwa wiki nyingi hadi kufikia urefu wa sentimita mbili na nusu au zaidi kidogo. Kisha huwa pupa, na mwishowe mdudu kamili. Hana kelele, hanuki sana, hawezi kupanda ukuta laini wa beseni, na uzito wake mkavu una protini karibu nusu. Huko Ulaya wafugaji wa ndege na mijusi wamemtumia kwa muda mrefu, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu buu huyu aliyekaushwa auzwe kuwa chakula cha binadamu.

Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo, jambo lifaalo katika nchi moja laweza lisifae katika nchi nyingine. Mwanafunzi wa sayansi atakiwa kumpima kila mdudu wa kufugwa kwa maswali mawili: Je, anakula nini? Na je, akitoroka, ataingia wapi?

Kwa swali la kwanza, buu wa unga anakula pumba. Lakini pumba ndizo anazokula kuku mwenyewe, nazo zina bei sokoni. Mfugaji wa Tandika akinunua pumba ili amlishe buu, kisha amlishe kuku buu huyo, ameongeza hatua moja katika mnyororo wa chakula. Na kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua ya kuwa katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea. Faida ni kwamba protini huongezeka ubora, lakini gharama nayo huongezeka. Zaidi ya hayo, buu huyu hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 28 hivi. Joto likizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu hudhoofika. Ni nani asiyejua joto la Dar es Salaam katika mwezi wa Februari?

Swali la pili ni zito zaidi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo ni mwema kwa wanadamu, ila kwa viumbe vigeni historia ya nchi hii yatufunza vingine. Kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa nia njema ya kusafisha taka za mji. Leo ametapakaa pwani yote. Hula mayai na makinda ya ndege wa asili, na hunyakua vifaranga mbele ya macho ya wenyewe. Mfano wa pili ni yule mdudu wa ghala atokaye Mexico na Amerika ya Kati, aliyezuka mkoani Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Wakulima walimwita Scania, kwa jina la yale malori makubwa, na wengine wakamwita dumuzi. Hakuna aliyekusudia kumleta; lakini aliposhika magunzi ya mahindi na makopa ya muhogo, aligeuza akiba ya mwaka kuwa vumbi katika miezi michache.

Haki yatulazimu kusema kwamba buu wa unga hana ukali wa Scania. Yeye hupendelea unga na nafaka iliyokaa mahali penye unyevu. Lakini ni mdudu wa ghala vilevile. Huenda joto la Pwani likamzuia. Ila gunia halikai Pwani siku zote. Gunia lililohifadhiwa Mbagala leo, kesho laweza kuwa limepakiwa kwenda Iringa, Njombe au Mbeya, ambako hali ya hewa ni ya ubaridi na ndiko yaliko maghala ya mahindi ya taifa. Kumtawanya mdudu wa namna hiyo kwa ajili ya vifaranga kumi ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kamba. Tena kuingiza wadudu kutoka nje si jambo la kufanywa kwa siri ndani ya begi la safari. Ipo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, vyote vikiwa na jukumu la kulinda mipaka dhidi ya visumbufu vya mimea na mazao.

Basi mfugaji afanye nini? Jibu limo katika lundo la taka. Yupo nzi mweusi, mwembamba, afananaye na nyigu, ambaye wafugaji humwita nzi chuma. Jina lake la kisayansi ni Hermetia illucens. Asili yake naye ni bara la Amerika, lakini amekwisha enea katika nchi za joto ulimwenguni kote. Hapa, basi, hauhukumiwi ugeni wa mdudu, bali tabia yake. Nzi huyu akiwa mkubwa hana haja ya kula, hivyo hatui juu ya chakula mezani kama afanyavyo nzi wa kawaida. Huishi siku chache, hutaga mayai yapatayo 500 katika nyufa kavu karibu na taka, kisha hufa. Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na funza wake hula maganda ya ndizi, maembe na mapapai yaliyooza kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakikomaa hubadilika rangi kuwa weusi, wakatambaa wenyewe kutoka katika taka na kutafuta mahali pakavu. Mfugaji aweka ndoo tu. Protini yao ni kama asilimia 40 ya uzito mkavu, na wana kalsiamu nyingi kuliko buu wa unga, jambo lenye maana kubwa kwa kuku atagaye na kwa mifupa ya kiumbe kinachokua.

Kwa maswali yale mawili, nzi chuma amefaulu: anakula kisicholiwa na mtu wala kununuliwa na mtu, na akitoroka haingii ghalani. Kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo huko Nairobi mwaka 1970 kimefanya katika miaka ya karibuni utafiti mwingi juu ya matumizi ya wadudu wa namna hii katika chakula cha mifugo. Wala fikra yenyewe si ngeni kwetu: watu wa Kagera hula senene kwa fahari, na vijana wengi wa vijijini wamewahi kuwachimbulia vifaranga mchwa.

Tahadhari nazo zisisahauliwe. Funza hawa hukusanya miilini mwao baadhi ya madini yenye sumu, hasa kadimiamu. Kwa hiyo wasilishwe taka za viwandani wala za gereji. Kinyesi na mizoga visitumiwe. Kabla ya kupewa kuku, ni vema wachovywe katika maji yanayochemka ili kupunguza vijidudu. Na kwa kuwa nyumba za viunga vyetu zimebanana, beseni lifunikwe na taka zisiwe na maji mengi, harufu isije ikawa ugomvi na jirani.

Hapa ndipo shule zinapoingia. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zimetakiwa kuunganisha darasa na kazi. Beseni moja la maganda kutoka sokoni latosha kufundishia mzunguko wa maisha ya mdudu, mnyororo wa chakula na upimaji wa uzito. Vifaranga wa umri mmoja wagawanywe makundi mawili: kundi moja lipewe chakula cha kawaida, la pili lipewe chakula hicho hicho ambacho dagaa wake wameondolewa na nafasi yao kuchukuliwa na funza. Wapimwe kila wiki, na matokeo yaandikwe kwa uaminifu, yawe ya kufurahisha au ya kusikitisha.

Mwanafunzi atakayefanya hivyo atajipatia jambo kubwa kuliko kuku mnono. Atazoea kumwuliza kila mgeni asifiwaye, awe mdudu, mbegu au samaki: utakula nini kwetu, na ukitoroka, utaingia wapi? Laiti maswali hayo yangaliulizwa Unguja katika miaka ya 1890, vifaranga wa Temeke leo wangalitembea uwani bila kutazama juu.