NYUMBANI KWETU: Miaka 41 ya Kungojea Kombe



Mwezi huu tutazungumza habari ya mpira. Najua wamama wengine watasema, "Ee! Hata gazeti la kanisa limeingia mu mupira?" Ngojeni kidogo. Ukurasa huu ni wa nyumba, na mpira umo ndani ya nyumba zetu, tupende tusipende. Umo katika mfuko wa baba, umo katika usingizi wa watoto, umo katika sahani ya jioni. Na swali ambalo wamama huuliza mara nyingi ni hili: "Mutu muzima, baba ya watoto, anaweza kulia machozi juu ya ekipe ambayo haimujue hata jina? Wale watu wamemupa nini?"

Swali hili ni zuri, tusilicheke. Tulijibu kwa mfano ambao watu wa machimbo wanaujua vizuri.

Kule Lubumbashi kuna ekipe inaitwa Tout Puissant Mazembe. Ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa Kibenedikto. Baadaye ilibeba jina la Englebert, jina la kampuni ya matairi. Mwaka 1967 ilichukua Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana. Mwaka 1968 ikalichukua tena mbele ya Étoile Filante ya Togo. Ni katika mwaka ule wa 1967 serikali ilichukua machimbo ya Union Minière, ambayo baadaye yaliitwa Gécamines. Basi mfanyakazi wa shaba wa siku zile alikuwa na kazi, alikuwa na nyumba ya kampuni, mgao wa unga ulifika kila mwezi, na ekipe ya mji wake ilikuwa ya kwanza katika Afrika nzima. Alifikiri ni hivyo itakuwa siku zote.

Mwaka 1969 Mazembe ilifika fainali, ikashindwa na Ismaily ya Misri. Mwaka 1970 ikafika tena, ikashindwa na Kotoko ile ile. Watu wakasema, "Si kitu, mwaka kesho." Mwaka kesho haukuja. Mwaka 1980 walipata Kombe la Washindi, watu wakafurahi, lakini lile kombe kubwa lilikaa mbali. Liliporudi Lubumbashi, ilikuwa tarehe 7 Novemba 2009.

Fanyeni hesabu nami. Kutoka 1968 mpaka 2009 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa siku za furaha ile ya kwanza alikuwa sasa mtu mwenye mvi, pengine ana wajukuu. Nchi ilibadilishwa jina mwaka 1971 ikaitwa Zaïre, mwaka 1997 ikarudishiwa jina la Kongo. Pesa zilibadilishwa mwaka 1993, zikabadilishwa tena mwaka 1998. Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka katika miaka ya 1990 hata chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mara moja. Baba aliyekuwa na namba ya kazi na kofia ya kampuni, kijana wake akashika beleshi na mfuko, akaingia shimoni bila mshahara wala daktari.

Katika miaka ile yote kila kitu kilichoahidiwa kiliondoka kimoja kimoja. Kilichobaki katika nyumba nyingi ni redio, na Jumapili mchana sauti ya mtu anayetangaza mpira. Njo maana wazee hawakuiacha ekipe. Wangeiacha, wangebaki na nini cha zamani cha kuwaonyesha watoto?

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Katika mchezo wa kwanza, kule Nigeria, Mazembe ilishindwa na Heartland mabao 2 kwa 1. Katika mchezo wa pili, nyumbani, ilishinda 1 kwa 0. Ukijumlisha ni 2 kwa 2. Lakini kwa kanuni ya wakati ule, bao la ugenini lilipewa uzito, basi lile bao moja walilolipata Nigeria ndilo lililoleta kombe. Ona jinsi kitu kilichongojewa miaka 41 kilivyoning'inia kwenye uzi mwembamba! Mwaka uliofuata walilichukua tena, wakiifunga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 katika mchezo wa kwanza. Desemba 2010 wakafika Abu Dhabi, wakawafunga Internacional ya Brazili 2 kwa 0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya klabu. Walishindwa 3 kwa 0 na Inter ya Milano, lakini dunia ilikuwa imekwisha kumwona Kidiaba, mlinda mlango, akirukaruka kwa makalio juu ya majani. Watoto wa huku kwetu Uvira nao waliruka hivyo kwenye mchanga wa ziwa, mama zao wakagombana nao juu ya kaptula kuchanika.

Basi kwa nini mwanaume alie? Mimi nadhani ni kwa sababu ya wale wasiokuwapo. Aliyelia mwaka 2009 alikuwa anamkumbuka baba yake aliyemfundisha majina ya wachezaji wa 1968, na baba amekufa kabla ya kuona. Alimkumbuka yaya yake aliyekuwa anambeba mabegani kwenye uwanja. Furaha ilipofika, iliwakuta watu wachache kuliko wale waliokuwa wanaingojea. Mama, ukimwona bwana yako analia siku hiyo, usimcheke. Mketie karibu, umwulize habari za baba yake. Utasikia mambo ambayo hakukuambia tangu mwoane.

Lakini na ninyi wababa, sikilizeni sehemu yenu. Mnasema, "Mimi nimeingojea ekipe hii maisha yangu yote." Ni kweli. Lakini hamkungoja peke yenu. Kuna mtu aliyenunua mabuye ya redio kwa pesa za chumvi. Kuna mtu aliyekutunzia bugali na ndagala chini ya sahani mpaka saa nne usiku, juu mchezo ulichelewa. Kuna mtu aliyewanyamazisha watoto siku mliposhindwa, akawaambia, "Nyamazeni, papa yenu leo hana moyo." Yeye hapendi mpira, hata kanuni hazijui, lakini gharama ya kungoja aliilipa. Kombe likifika, la kwanza kuambiwa habari ni kundi la kwenye pombe, na yeye anasikia kupitia kelele za barabarani. Hii si haki hata kidogo.

Mnajua mfano wa yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi. Alipoiona, aliita rafiki na jirani wafurahi naye. Furaha ya kweli inaita watu. Basi ianze kuita walio karibu, ndani ya nyumba, kabla ya walio mbali.

Tena kuna jambo la machimboni ambalo ni lazima tuliseme wazi. Mchimbaji wa dhahabu na mpenzi wa mpira wana ugonjwa mmoja wa kungoja. Mchimbaji anasema, "Wiki hii shimo litatoa." Mpenzi wa mpira anasema, "Mwaka huu tutachukua." Wote wawili wanaishi kwa kesho. Lakini kuna tofauti kubwa. Ukiingojea ekipe miaka 41 bila kuiwekea pesa, umepoteza sauti yako na usingizi kidogo. Ukiungojea mwamba kwa madeni, huku umeweka rehani sehemu yako ya shimo na kikwembe cha bibi yako, mwisho watoto wanatolewa shuleni. Na siku hizi yameletwa mambo ya pari, ambayo yanachanganya magonjwa yote mawili. Kijana anachukua kipande chake cha dhahabu cha wiki nzima, anakiuza, anaziweka pesa juu ya ekipe ya Ulaya ambayo hajapata kuiona kwa macho. Huyo si mpenzi wa mpira tena. Mpenzi wa kweli anaweza kushindwa akalala na njaa ya moyo tu, familia yake ikala.

Na ushindi wenyewe haulipi mtu. Tumkumbuke Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, katika Kombe la Afrika kule Misri, alifunga mabao 9, na kwa miaka zaidi ya 50 hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika mashindano moja. Zaïre ilichukua kombe, ikaenda Ujerumani kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Nchi nzima ilimwimba. Baadaye alikimbilia Afrika Kusini, akaishi katika umaskini. Mwaka 1998 watu walipewa habari kwamba amekufa, wakasimama kimya uwanjani kwa heshima yake, kumbe yu hai! Alikufa kweli mwezi wa Januari 2019, Johannesburg. Kama kombe halikumlinda yule aliyelileta kwa miguu yake, litakulindaje wewe uliyepiga vigelegele? Furahi, lakini Jumatatu uamke uende kazini.

Wala furaha au hasira isiondoe akili. Tarehe 11 Mei 2014, huko Kinshasa, Vita Club ilicheza na Mazembe, fujo ikatokea, watu wakakanyagana, wapatao 15 wakafa. Walitoka nyumbani wakisema, "Tutarudi jioni." Hakuna bao linalostahili mtoto wa mtu.

Pengine mtauliza: kama ni hivyo, tuache mpira kabisa? Hapana. Hapa kwetu tumeona mambo mengi mabaya, na tumeona pia jinsi mpira unavyoshika watu pamoja. Tarehe 7 Februari 2016, Leopards walichukua Kombe la CHAN kule Kigali, wakiifunga Mali 3 kwa 0. Tarehe 7 Februari 2024, kule Côte d'Ivoire, kabla ya nusu fainali, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vikielekea kichwani kama bunduki, kuonyesha dunia mauaji ya mashariki na ukimya wake. Mchezo ule walishindwa 1 kwa 0. Hata hivyo kuna wamama wasiojua mpira ambao siku ile walisema, "Hawa ni watoto yetu." Walikuwa wamesemewa neno lao. Na Desemba 2025 vita vilipofika Uvira yenyewe, na maelfu wakavuka kwenda Burundi, wengi walijua maana ya kungoja kitu kikubwa kuliko kombe.

Njo maana sisi watu wa ziwa tunalielewa jambo hili. Mvuvi wa ndagala anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa mtumbwi unapumzika. Hagombani na mwezi. Anashona nyavu, anasafisha taa, anacheza na watoto wake. Giza likirudi, anakuwa tayari. Kungoja kwake kuna kazi ndani yake. Jirani zetu wa Bujumbura nao wanangoja: mwaka 1992 Vital'O yao ilifika fainali ya Kombe la Washindi, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Wanaendelea kushona nyavu zao.

Basi wababa, nawaachia maneno machache ya kufanyia kazi mwezi huu.

Pesa ya mpira itoke baada ya pesa ya chakula na ya masomo, isitoke mbele.

Ekipe ikishinda, habari ifike nyumbani kwanza. Ikishindwa, hasira ibaki uwanjani. Mtoto wako hakukosa penalti.

Waeleze watoto habari za zamani, majina na miaka, hata wasichana. Huo ni urithi ambao hauhitaji pesa.

Na la mwisho. Unajua majina ya wachezaji 11, namba zao, hata nani ana jeraha la goti. Je, unajua mtoto wako wa tatu yuko darasa gani, na nani mwalimu wake? Mtu aliyeweza kushikamana na ekipe miaka 41 bila kupewa hata ahsante, huyo anayo nguvu ya kushikamana na bibi yake na watoto wake. Hawezi kusema nguvu hiyo hana. Tumeiona kwa macho.

Wamama, mkiwa na neno la kuongeza au la kupinga, mtuandikie, barua fupi inatosha. Mbaki na amani mpaka mwezi ujao.