Seva zinazojitangaza zawarahisishia kazi wadukuzi

MKAAZI wa Konde, wilaya ya Micheweni kisiwani Pemba, anapofungua tovuti kwa simu yake huona maandishi na picha tu. Hayaoni maelezo mafupi yanayotangulia ukurasa huo, ambayo seva huyatuma kila inapojibu.

Humo ndimo lilimo tatizo. Fundi asiporekebisha, seva ya Apache au nginx hutaja jina lake pamoja na namba ya toleo lake. PHP nayo hujitaja. Ni sawa na mwenye duka kubandika mlangoni karatasi inayoeleza aina ya kufuli lake na umri wake.

Hatari hiyo ilidhihirika Oktoba 2021, ilipobainika kuwa toleo la 2.4.49 la Apache lina kasoro inayoweza kumruhusu mtu wa nje kusoma mafaili yasiyomhusu. Kupitia Shodan, mtambo unaotafuta vifaa vilivyounganishwa na intaneti, zilionekana seva zaidi ya 100,000 duniani zikilitaja toleo hilo. Orodha ya walengwa ilikuwa tayari.

Afrika Mashariki haiko mbali na balaa la wadukuzi. Januari 2012, tovuti 103 za Serikali ya Kenya zilivamiwa, na aliyehusishwa na kitendo hicho ni mdukuzi wa Indonesia. Umbali, basi, hauilindi tovuti, iwe ya Nairobi au ya Pemba.

Hatua ya awali haina gharama. Katika Apache, agizo la ServerTokens Prod huacha jina pekee, na ServerSignature Off huondoa maelezo hayo kwenye kurasa za makosa. Kwa nginx ni server_tokens off, na kwa PHP ni expose_php = Off.

Hata hivyo, kuficha namba si kuziba tundu. Programu nyingi za wavamizi hujaribu kila mlango bila kusoma kilichobandikwa. Mwaka huo wa 2021, toleo la 2.4.50 lililotolewa kama tiba halikutosha, ikabidi 2.4.51 lifuate baada ya siku chache. Aliyeficha namba bila kusasisha seva yake alibaki hatarini.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria huadhibu baada ya mlango kuvunjwa. Mwananchi wa Konde aliyekabidhi taarifa zake kwa ofisi anahitaji fundi anayeondoa karatasi mlangoni, kisha akabadilisha na kufuli lenyewe.